Springi ya Bunduki ya Mfaume

Mfaume aliileta imefungwa kwenye kiroba cha salfa,
bunduki ya plastiki iliyoshukia bandarini Mtwara
ndani ya robota la midoli ya watu wazima wa ng'ambo.
Inakula betri. Inatema gololi nyeupe, ndogo kama punje za mtama.
"Fundi Somoe," akasema, "ngedere wananicheka.
Nawapiga mgongoni, wanajikuna,
kisha wanachagua bibo lililoiva zaidi."

Mimi ni fundi wa redio na taa za sola, hapa Kitangari,
meza yangu inatazamana na mizani ya chama cha msingi.
Bunduki sijawahi. Lakini skrubu ni skrubu.

Nikaipasua kama samaki, kuanzia tumboni:
kisanduku cha chuma, ndani giya tatu zinang'atana,
pistoni ya meno ya plastiki, springi,
na grisi iliyokauka kama ukoko.
Umeme unazungusha mota, mota inasukuma giya,
giya inaivuta pistoni nyuma, jino kwa jino,
mpaka jino la mwisho linapoachia.
Hapo ndipo springi inaposema neno lake.

Kosa la kwanza lilikuwa langu.
Nilianza na betri, kama wanavyoanza wote wenye haraka:
seli tatu za kompyuta iliyokufa ya ofisi ya kata,
nikaziunga, volti kumi na moja na ushei.
Ikalia sekunde mbili. Halafu ikakoroma.
Nilipofungua, meno ya pistoni yalikuwa yametapakaa
kama chuya kwenye ungo.
Nguvu nilikuwa nimeileta. Wa kuibeba sikumwandaa.

Siku tisa nikaishi na kile kisanduku.
Pistoni ya meno ya chuma ikaja na basi, imeviringishwa kwenye soksi.
Washa nilizikata kwenye kopo la soda, nyembamba kama ganda la kitunguu;
nikaweka moja, nikatoa, nikaweka mbili,
mpaka giya zikazungushika kwa kidole bila kunung'unika.
Waya mwembamba nikautupa, nikatia wa pikipiki.
Mwisho springi mpya, nene, kaidi,
iliyonichubua gumba mara tatu kabla ya kukubali kukaa.

Jumanne saa kumi nikapanga makopo ya maziwa uani.
Nikavuta.

Trrrrrrr.

Makopo matatu yakatoboka. Kuku wa jirani wakahama mtaa.
Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kisha nikaona pazia la chumba cha baba linatikisika, na upepo hakuna.

Alikuwa chini ya kitanda.
Baba yangu, aliyevushwa Ruvuma wakati wa vita
ana miaka saba, mgongoni kwa dada
ambaye jina lake hatujalisikia mara mbili.
Miguu yake ilibaki nje, kandambili moja imechomoka.
"Wamefika?" akauliza.
"Hapana, baba. Ni mimi. Natengeneza kitu."
"Zima," akasema,
kwa sauti ambayo haikuwa ya umri wake.

Usiku ule nikaifungua tena.
Betri nikaiacha. Meno ya chuma nikayaacha.
Springi kaidi nikaing'oa, nikarudisha ile ya zamani, legevu.

Mfaume aliijaribu kwenye ukuta wa choo, akakunja uso.
"Ina mbio," akasema, "lakini haina uchungu."
Nikampunguzia nusu ya bei.
"Ngedere nao wana watoto," nikamwambia,
naye akanitazama kama mtu aliyepewa chenji asiyoidai.

Springi ile? Nimeigongomea nyuma ya mlango wa duka,
pale upepo wa saa nane unapopenda kuubamiza.
Sasa mlango unakuja kwa hasira zake zote,
unaizamia,
unarudi kimya.
Baba hukaa pale pale kwenye kigoda, redio ya mteja mapajani,
anatafuta stesheni,
wala hageuki.