Utabiri wa Juma la Tisa
(kwenye kibanda cha kinyozi, Pasua, Moshi)

Sogeeni kibandani, kinyozi zima mashine,
Ligi yetu ya simuni, juma hili mechi nne,
Zamu yangu, nyamazeni, asiyetaka anune,
Leo mimi natabiri.

Hatupimi kwa takwimu, wala chati, wala nyota,
Sheria yetu ni ngumu, kila mwaka twaifwata:
Ni Kidevu na filamu, ndimo majibu twapata,
Mshindi na mwenye shari.

Kidevu, kwa asojua, ni mwigizaji wa hapa,
Alizaliwa Pasua, akiokota machupa,
Kila picha huugua, hufa, huzikwa, hukwepa,
Hurudi kula futari.

Mechi ya kwanza: Ombeni anakutana na Temba,
Ombeni huko golini, kipa wake anayumba,
Nakumbuka filamuni, "Mganga Asiye Nyumba",
Alolowa kwa fahari.

Aliuza kinga kote, radi ikatua kwake;
Naye kwa mabeki wote, kamaliza pesa zake,
Temba atabeba zote, alama sabini zake,
Ombeni, lete sukari.

Mechi ya pili: Shirima, mwalimu wa hisabati,
Usiku kucha hupima, nani goti, nani shuti,
Kapangwa na yule mama, Ndeshi muuza mashati,
Asiyejua habari.

Huchagua kwa mavazi, jezi gani haichuji,
Akamtema mlinzi, kisa kola si ya mji!
Na kwenye juma la juzi, akatuvua mtaji,
Akacheka kwa kiburi.

Hii "Posa ya Profesa", Kidevu kavaa tai,
Kapiga hesabu hasa, ng'ombe, mbuzi, hata yai,
Kesho bibi kamkosa, yu kwa mchemsha chai,
Shirima, kula shubiri.

Mechi ya tatu si mechi, mapacha wa Njia Panda,
Simu moja, kwenye kochi, timu moja wameunda,
Nahodha hawamfichi, yuleyule mwenye donda,
Sare yao si ya siri.

Picha: "Pacha kwa Mkopo", Kidevu ndiye wawili,
Fedha za kamera hapo, hazikutosha kamili,
Pacha mmoja awapo, mwenziwe choo cha mbali,
Saa nzima asubiri.

Temba, ushushe kicheko, sikio lapata wembe!
Mama Ndeshi, viti viko, keti hapa kwenye pembe.
Mechi ya nne kituko, kati yangu na Kirumbe,
Mdeni wangu mahiri.

Jeki yangu kachukua, mwezi Machi, hadi leo,
Nikidai, huugua, kifua na koromeo,
Timu yake naijua, mafowadi ni koleo,
Kubeba bila kukiri.

Nachagua makusudi, "Baba Mwenye Nyumba Kumi",
Mpangaji mkaidi, kamtoa kwa ulimi,
Alama mia, zaidi, ndizo nitavuna mimi,
Kirumbe, yeye sifuri.

Hapo Ndeshi kauliza, "Uliiona mwishowe?"
"Ulikatika mwangaza, nikalala kama jiwe."
"Mpangaji kamliza, kamfukuza mwenyewe,
Kwa hati na kwa muhuri."

Jumapili, saa nne, simu yangu ikalia,
Nahodha wangu, mumwone, kadi kajipatilia,
Kipa akafungwa nane, akabaki kutulia,
Nani sasa ni sifuri?

Temba kashinda, na Ndeshi, mapacha sare, ni kweli,
Mganga mwenye ubishi, ni mimi, nalowa mwili,
Kirumbe hacheleweshi, hodi, hodi, mara mbili:
"Nimefuata sukari."

Kilo nilimpimia, mkono ukitetema,
Jeki nikaulizia, koo lake likauma,
Nje nikachungulia, chuma changu chasimama,
Kimebeba lake gari.