Mstari wa Tenori

Zamani nilikuwa na waya wenye meno matano,
kila jino limeuma chaki. Ukiuburuta ubaoni
mistari mitano hutoka pamoja, imepinda
kama njia za Kadutu baada ya mvua.
Tuliandika, tukafuta, tukapiga chafya.

Sasa kuna kompyuta moja, watoto kumi na tisa,
mega nilizonunua kwa pesa ya sabuni,
na karatasi isiyoisha, iliyoko mtandaoni.
Nabintu anabofya: noti inakaa.
Anabofya tena: inaimba, kwa sauti ya kinanda
ambacho hakijawahi kukohoa.

Ameandika wimbo wa bibi yake wa kupepeta maharage.
Kipimo cha tatu kikawaka chekundu:
mapigo yamezidi, punguza moja.
"Mwalimu, nipunguze lipi?
Hapa bibi huvuta pumzi. Hapa ungo hugeuka."
Nikautazama ule wekundu.
Miaka ishirini na sita, wekundu huo nilikuwa mimi.
Tukabadili hesabu ya mwanzoni: saba juu, nane chini.
Mashine ikanyamaza. Sijui kama ilielewa.

Tenori tuliiacha tupu.
Ilikuwa ya Cirhuza, aliyeondoka mwezi wa pili
na mama yake na godoro, bila kuaga.
Simu yake haipatikani.
Jina lake sikulitoa katika orodha ya wanaoruhusiwa kuandika;
labda uvivu. Labda si uvivu.

Alhamisi, saa kumi na moja jioni,
kishale cha kijani kikatokea kwenye tenori.
Kikasimama, kama mgeni mlangoni.
Kisha noti moja: mi. Ikafutwa. Fa.
Pumziko. Fa, sol, la, polepole,
kama mtu anayegusa simu yenye kioo kilichopasuka.
Hakuna aliyepumua darasani.
Nabintu akasogeza kidole karibu na ule ukijani,
asiuguse.

Kipimo cha nane akakosea:
tenori na besi zinafuatana kwa kwinti,
kosa la ukurasa wa kwanza, nimelikemea mara mia.
Ningekuwa na chaki ningelizungushia duara.

Umeme ukakatika. Betri yetu ilikufa siku nyingi.
Gizani mtu akaanza besi, mwingine alto,
na wavulana wawili, bila kuambiwa, wakashika tenori
kwa kichwa, kama walivyoiona ikizaliwa.
Tulipofika kipimo cha nane
tukaimba kosa lake
lilivyo.