Tope la Buluu

Kedron Flat, jangwani Nevada,
neno limetundikwa juu ya kasino kwa taa nyekundu:
BONANZA,
ila herufi ya nne imeungua tangu Machi,
na usiku mji mzima husoma pengo.

Muuza viatu analo kila anaposhusha bei.
Mhubiri wa redio analo. Fundi matairi analo.
Na kwetu, msomaji wangu, neno hili hili
huvaa bukta Jumamosi, likakimbilia mpira,
likarudi na mbuzi na kreti mbili za soda.

Eneko Larranaga, miaka kumi na mmoja,
kapewa neno na mwalimu:
andika maana, kisha litumie katika sentensi.
Ardith Penhallow, mkutubi, hakumwonyesha rafu ya kamusi.
Alichukua kofia na funguo za gari.

Wakapanda kifusi cha mgodi wa zamani,
kilima cha mawe yaliyokataliwa.
"Wachimbaji wa Sonora walilileta," alisema,
"nao walilitoa kwa mabaharia.
Huko baharini maana yake ilikuwa shwari.
Mshipa wa madini ukinenepa ghafla,
walisema mgodi umefika shwari."
Eneko akatazama pande zote.
Hata dimbwi la kunywesha mbwa halikuwepo.

"Baba wa babu yangu alitoka Cornwall
na koleo, na kikohozi.
Alichimba dhahabu hapa, punje kwa punje,
akalaani tope la buluu lililomnata koleoni.
Miezi saba alilimwaga bondeni.
Mtu mmoja, kwa udadisi tu,
akalitia kwenye kikopo, akapeleka likapimwe.
Lilikuwa fedha. Tope lote lile."

"Akatajirika?"

"Alikuwa ameshauza fungu lake.
Kwa nyumbu mmoja na blanketi."

Mtoto akaandika gotini: chanzo kisichokauka.
Bi Ardith akakata kwa penseli.
"Kilikauka. Umekikalia."
Akaandika tena, ulimi nje, polepole:
wingi uliokutwa,
si lazima uwe umekutwa na wewe.
Na sentensi:
Baba wa babu wa Bi Ardith alikanyaga bonanza
akaenda kuosha viatu.

Bi Ardith alicheka mpaka akashika jiwe.

Wakishuka, Eneko akauliza jambo ambalo mwalimu hakuuliza:
mgodi ukiwa mtupu, waliuitaje?
"Borasika," alisema. "Tufani.
Hilo hakuna aliyelitundika taa."
Akalirudia mara tatu kwenye kiti cha nyuma,
kama mtu anayeonja pipi asiyoijua jina.

Usiku baba yake akarudi kutoka zamu ya kasino,
akakung'uta kikombe cha bakshishi juu ya meza.
Sarafu nne, na kifungo cha shati la mtu.
Mama hakusema kitu. Aliwasha jiko.
Eneko, kwenye fremu ya mlango,
alikuwa na maneno mawili mfukoni,
na moja lingetosha kabisa kuitaja meza ile.

Alilifungia mdomoni.
Akakichukua kifungo, akakipeleka kwenye taa,
akakigeuza huku na huku.

Kilikuwa cha buluu.
"Baba," akauliza, "hiki umekipima?"