Kopo la Pini

Kabla mfalme hajawa mfalme
anapita na ufagio.
Ndiyo desturi yetu mwaka huu, ukumbini Ibra,
nyuma ya pazia la buluu lenye kiraka:
Yaarub, mwenye maneno mengi kuliko wote,
anazoa makombo ya sambusa, anamwaga ndoo
inayokinga matone ya kiyoyozi,
ndipo avae joho.

Hatukuanza hivyo.

Mwaka jana palikuwa na kiti kimoja chenye kioo,
na aliyekikalia hakukiachia.
Wadogo walivaa gizani, vilemba vikawaporomokea.
Raudha binti Saif alitoka jukwaani
sauti imemkatikia katikati ya maneno,
akapita mbele yetu akitafuta maji,
na mimi, mimi hapa, nikalia kama mbuzi.
Mee.
Mara moja tu.
Wakacheka wote, na nilifurahi walivyocheka.
Pazia ni kitambaa, jamani, si ukuta:
mama yake alikuwa safu ya pili.

Hakurudi. Nguo yake ilibaki msumarini
mpaka Ramadhani, mikono mitupu inaning'inia,
nami nikajifunza kupita upande wa pili.

Mwalimu Zuwena hakutuhubiria.
Alitupeleka kwenye falaji, jua la utosi,
mbali na mashamba, pale penye tundu la wachimbaji,
akatuinamisha mmoja mmoja.
Chini giza. Ndani ya giza, maji,
yanasikika, hayaonekani.
"Kule mitendeni watu wanasifu tende," akasema.
"Huku nani anatupa taka?"
Basi. Tukarudi kwa miguu, viatu vimejaa vumbi,
hata Muhanna kanyamaza.

Sasa meza ya vifaa ina ramani ya chaki:
hapa jambia la kadibodi, hapa buli la kahawa,
hapa hati ya shamba wanaloligombania.
Ukichukua, rudisha kwenye kivuli chake.
Anayesahau maneno haulizwi kwa nini;
anapewa maji, kisha neno la kwanza, taratibu, sikioni.
Na kiti chenye kioo tumekifunga kamba ukutani,
kila mtu anajitazama amesimama,
anatazama, anapisha.
Masengenyo? Yapo, sisi si malaika.
Juzi tu Muhanna alianza, "Mmemwona yule anavyotembea..."
Thuraiya akamtia uzi mkononi:
"Nitungie sindano, macho yangu yamechoka."
Ana miaka kumi na minne, huyo mwenye macho yaliyochoka.
Akatunga. Sentensi ikafia njiani.

Nilikwenda kwa kina Raudha mara mbili.
Mara ya kwanza sikushuka garini.
Mara ya pili alifungua mwenyewe, unga mikononi,
akanisikiliza mpaka mwisho, nikirudia rudia,
akasema, "Sawa."
Sawa ile ya mlango uliorudishwa
bila kutiwa komeo. Au ndivyo nilivyotaka kuisikia.

Leo usiku, nusu saa kabla,
harufu ya udi imetangulia kutoka kwa wageni,
mtu kasimama mlango wa nyuma.
"Siigizi," akasema. "Nimeambiwa mmepungukiwa mikono."
Niliandaa maneno tangu mwaka jana.
Nikampa kopo la pini.

Akapiga magoti kwa Lamya, wa miaka tisa,
pindo refu, miguu inamtetemeka,
akabana pini ya kwanza, ya pili,
na huku anabana anamwambia:
"Sauti ikikatika, nitazame. Nitakuwa kushoto, hapa hapa.
Ikikatika, ngoja. Hurudi yenyewe."
Sikugeuka. Nilihesabu vikombe
ambavyo vilikwisha kuhesabiwa.

Pini ya tatu ikaanguka.
Taa zimezimwa, na Lamya hana viatu.
Tukainama sote wawili, Muhanna naye,
na mfalme, joho na yote, viganja sakafuni,
tukipapasa, vichwa vinagongana,
huku upande wa pili watu wanapiga makofi
wakidhani tumechelewa kwa makusudi.