Nyumba ya Baiti Nane

Usiku Kemi hukaa,
saa nne bado taa
barabarani zang'aa
na theluji dirishani.

Outi anaandika,
vidole vimekauka,
kahawa imemwagika
karatasini, mezani.

Miaka kumi na saba;
kiwandani yuko baba,
magogo akiyabeba
kuyatia mitamboni.

Karatasi aletayo,
yenye kovu, ndiyo hiyo
Outi aichorayo
miraba nane safuni.

Kompyuta aliazima
kwa jirani yake Jorma;
kumbukumbu imekoma
baiti elfu tatuni.

Haitimizi barua
ya mtu anayejua
kusimulia mvua
iliyonyesha shambani.

Baiti ni biti nane:
moja, sifuri, zibane;
na huu wangu, uone,
mshororo, ni mizani

nane vilevile. Basi
naujua wasiwasi
wa kuminywa kwa nafasi
na neno li ulimini.

Mchezo wake: barafu
baharini, ndefu ndefu;
mtu avuka kwa hofu,
nyufa zikija nyayoni.

Baba, enzi za ujana,
kavuka hivyo, mchana,
usiku, akikazana
kurudi toka kazini.

Kichwa chake biti mbili,
biti nne ndio mwili,
miguu miwili mbali,
daima yumo mwendoni.

Aandika, anafuta,
baiti mbili apata,
mfano wa kuokota
sarafu kochini ndani.

Kosa moja, na kioo
huganda kama upeo;
hana njia, kimbilio,
ila kuanza mwanzoni.

Nyufa hazina hesabu:
aziiba bila tabu,
tarakimu za ajabu
zilalazo mashineni.

Akimaliza, kaseti
hulia hiyo sauti
ya nyuki ndani ya bati,
dakika mbili chumbani.

Akivuka, ni "Hongera,
mshindi wetu, u bora!"
na herufi zinafura
zikimeta kiooni.

Zamu imekwisha. Baba
avua koti la pamba;
harufu yajaa nyumba
ya kibiriti na kuni.

Vidole vyake vinene:
hiki agusa, kingine
chashuka nacho; uone
mtu amezama chini.

Mara ya sita avuka.
Sifa zote zamwagika.
Baba kimya, hakucheka,
akakaza macho pwani.

"Amefika wapi? Mbona
nyumba yake sijaona?
Baridi hii, kijana
alale mahali gani?"

"Baba, zimebaki tatu,
baiti tatu, basi tu.
Nyumba nane, bila watu.
Nizitoe mfukoni?"

Baba akenda kulala.
Mwana hakunywa, hakula,
asaka kila mahala
pa kubana, pa kuhini.

Akisaka, kaiona
hongera, ndefu na pana,
kama mgeni wa jana
aliyejaa kitini.

Akaifuta: herufi
moja moja, zote safi.
Sifa nazo ni ulafi,
hazishibi asilani.

Kwa peni kachora paa,
kuta, mlango, na taa:
biti moja ikikaa
peke yake dirishani.

Kesho yake, kwenye giza,
Baba tena anacheza;
azama, kisha aweza
kumvusha salama pwani.

Hakuna neno la sifa,
nyota wala taarifa.
Nyufa nyuma zimekufa,
mtu yuko mlangoni.

Kimya. Baba kapumua,
kofia akaivua
kama aliyetambua
kwamba yu kwake, nyumbani.

Jorma alidai yake
pamoja na nyaya zake.
Outi, kaseti yake
imebaki kabatini.

Haijawahi kuuzwa
wala jina kupachikwa;
ilikuwa ya kuchezwa
na mmoja duniani.

Baiti mbili zabaki;
akaziacha: hataki

kila pengo lisheheni.