Kanda ya Pili

Risiva ilitoka Kariakoo kwa bodaboda,
imefungwa kwa mpira wa baiskeli kama mbuzi wa harusi,
kilo kumi na moja na ushee, mgongoni matundu
mengi kuliko kichuguu.
Nikaivua nailoni sebuleni kwa Aidani Kobelo, Tabata Kimanga,
nikapiga goti nyuma ya kabati la televisheni
na tochi mdomoni. Ndiyo kazi yangu:
wateja wananijua kwa kisogo.

"Nataka," alisema, akihesabu kwa vidole,
"mpira sebuleni, picha ileile jikoni kwa mke wangu,
muziki barazani, na baba, kile chumba cha nyuma,
asikie taarifa ya habari bila kutuita.
Kitu kimoja kiseme nyumba nzima."
Nikajibu inawezekana. Fundi kwanza husema inawezekana,
kufikiri baadaye.

Siku mbili nilitoboa kuta.
Tofali za Aidani si za kubahatisha; keekee ililia,
vumbi likanipaka kama andazi kwenye unga.
Waya nikaupitisha darini, natambaa chini ya bati la saa saba.
Huko nilikuta kiatu cha mtoto, mguu mmoja tu.
Sikumuuliza mtu.
Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi:
ukikosea, spika moja inasukuma nyingine inavuta,
besi inafia katikati,
kama mke na mume wanaosema kwa pamoja.

Jioni ya pili nikawasha.
Sebuleni uwanja mzima ukaingia, filimbi na matusi yake.
Jikoni picha safi, hata jasho la golikipa.
Barazani sawa.
Chumba cha nyuma, kimya.
Mzee Kobelo ameketi kitandani, ameielekea spika mpya
kama anayesubiri mgeni amalize kuvua viatu.
"Imesema?"
"Bado, mzee."

Nikafungua kitabu cha maelekezo, herufi za kunyima macho.
Ukurasa wa sitini na mbili ndiko walikoficha:
kinachoingia kwa waya mpya hakivuki kwenda kanda ya pili.
Kanda ya pili haijui tarakimu.
Inataka waya wa kizamani, pini mbili, nyekundu na nyeupe,
sauti yenyewe, si hesabu ya sauti.

Aidani alitikisa kichwa, vya zamani alishauza vyote.
Mzee ndiye aliyenyoosha kidole: uvunguni.
Deki ya kaseti chini ya kitambaa cha kufuma.
Mkanda wake wa ndani umelegea,
nikautolea mpira wa kufungia noti.
Kaseti imo tayari.
"Usiitoe," akasema. "Piga hiyohiyo."

Nikabonyeza: vyumba vyote.

Kwanza mvumo. Jogoo wa mwaka nisioujua.
Kisha mwanamke: "Kaka Damasi, twakusalimu sote,
mahindi yalifika, ila gunia lilitoboka njiani,
Fidea ameota meno mawili, baba yao yuko zamu reli, na mimi..."
akakatisha, akageukia mbali na kinasasauti:
"Nani kaacha bomba wazi? Aidani! We Aidani!
Maji yenyewe yanatoka mara moja kwa wiki!"

Sebuleni ikasema. Barazani ikasema.
Nilikuwa koridoni na bisibisi yangu,
nikamwona Aidani Kobelo, miaka hamsini na miwili,
afisa forodha, vifungo vya shati vikimlalamikia tumboni,
anainuka penalti ikiwa haijapigwa,
anaingia jikoni mbiombio,
anakaza bomba
lililokuwa limefungwa.

Akabaki ameshika koki.
Mkewe akamtazama, asiseme neno.
Kutoka nyuma nikasikia kicheko kidogo, kikavu,
cha mtu aliyekuwa na hakika.

Hela nililipwa kesho yake, kwa simu, pamoja na ya kutolea.
Taarifa ya habari mzee hajaisikia hadi leo;
alikataa deki isiguswe.
Kwenye daftari langu nimeandika:
Tabata Kimanga, risiva moja, spika tisa.
Kanda ya pili inasema.