Chumba Namba Nne

Basi lilitutema Potosí saa tano za usiku,
baridi ikatupokea kama mdai aliyechoka kusubiri.
Shangazi Saturnina akakaza shali, akazihesabu noti
ndani ya soksi, kwa vidole vya mguu, bila kuzitoa:
boliviano themanini,
na sitini kati ya hizo zilikuwa za nyuzi za alpaka.
"Tuna ishirini za usingizi," akasema. "Twende tukaununue."

Nyumba ya kwanza ilikuwa na taa za rangi mlangoni
na picha ya bwawa la kuogelea.
Shangazi hakupanda hata ngazi.
"Anayekuonyesha picha ya maji,
muulize habari za bomba."
Akauliza. Kijana wa mapokezi akainamia simu yake.

Ya pili ilikuwa kumi tu, sote wawili.
Hapo alipanda. Nikamwona akikikagua chumba
kama anavyokagua kondoo mnadani:
akabonyeza godoro kwa goti, akazisikiliza springi,
akafunua shuka penye mshono, akamulika tochi,
akanusa mto, akabandika kiganja ukutani,
kiganja kikarudi kimelowa.
Akafunga mlango kwa ufunguo, akausukuma kwa bega.
Ukafunguka.
"Urahisi huu," akaniambia tukishuka,
"kesho utaulipia kwa mgongo, keshokutwa kwa daktari."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne
na miguu iliyokwisha kufa ganzi.
Ningelala hata juu ya magunia ya viazi.

Ya tatu haikuwa na kibao. Mlango wa kijani,
harufu ya vitunguu, na Bi Hilaria Condori
aliyetufungulia akiwa na sufuria mkononi.
"Thelathini."
"Ishirini," akasema Shangazi. "Na maji ya moto ni saa ngapi?"
Hakuuliza kama yapo. Aliuliza saa.

Mwenye nyumba akacheka, kisha kicheko kikamkauka.
"Wageni wanalala hapa mara moja, hawarudi.
Nami sijawahi kulala kwenye vyumba vyangu, hata usiku mmoja.
Chukueni namba nne kwa kumi na tano,
asubuhi mniambie ukweli."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
walisema waliosema.
Hawakutaja kwamba mwenye kitanda naye yumo.

Tukalala. Blanketi nne, nzito kama mtu wa tano.

Asubuhi, juu ya uji wa mahindi ya zambarau,
Shangazi akatoa hesabu yake bila kupamba:
bomba linalia kuanzia saa nane hadi saa tisa;
mwanga wa ukumbini unapenya chini ya mlango, weka tambara;
ndoano moja haitoshi makoti mawili;
mto wa kushoto ni wa kumpa adui.
Mbwa wa jirani, hilo si lako.
Bi Hilaria aliandika yote nyuma ya risiti ya gesi,
akiuma kalamu, masikio yamemwiva.

Kuna moja Shangazi hakuitaja.
Niliamka usiku nikamwona amelala chali, mdomo wazi,
na soksi zake, zote mbili, pamoja na fedha zetu zote,
zikining'inia kwenye kitako cha kiti
kama za mtu aliye kwao.
Tangu nimjue, safarini
hakuwahi kulala miguu mitupu.

Tulirudi baada ya miezi miwili.
Bomba lilikuwa kimya. Ndoano zilikuwa tatu.
Bei nayo ilikuwa thelathini kamili, haishuki.
"Wewe ndiye uliyeipandisha," akasema Bi Hilaria.

Shangazi akanuna hadi ngazi ya tatu,
kisha akaketi hapohapo, akaanza kulegeza viatu.